Mama Leonce na Majarida Yaliyotangazwa Kufa

Kila Ijumaa asubuhi Laurencia alijifungia kwenye chumba cha nyuma cha maktaba, akavua viatu, akaanza kuyaamsha majarida. Jina hilo la kazi alilitunga mwenyewe, na chuo kizima kikalizoea. Ukimuulizia siku hiyo unajibiwa, "Mama Leonce anaamsha majarida, njoo Jumatatu."

Chuo chenyewe ni cha mifugo, kidogo, kando ya barabara ya vumbi jekundu inayotoka Ganako kwenda Karatu mjini. Majarida ya kitaalamu ya karatasi yalikoma kuja zamani, enzi za mkuu wa chuo aliyepita. Sasa yako kwenye intaneti, na kilichobaki maktabani ni katalogi ya kwenye kompyuta. Mwanafunzi anaandika jina la jarida, linatokea, chini yake pana kiungo, anabofya, anasoma. Ndivyo inavyotakiwa. Lakini majarida hayo yanahama kuliko mifugo ya Wamaasai wa Malambo wakati wa kiangazi. Leo yako kwa mchapishaji huyu, kesho yameuzwa kwa yule, anwani imebadilika bila hodi wala kwaheri, na mwanafunzi akibofya anakutana na ukurasa mweupe unaomwambia kuwa alichokitafuta hakipo. Kwa hiyo lazima awepo mtu wa kubofya viungo vyote, kimoja kimoja, agundue jarida lipi limehama, alitafute huko lilikokwenda, kisha aandike anwani mpya.

Mtu huyo alikuwa Laurencia, na tusidanganyane, kazi hiyo inachosha mpaka mifupa. Nani mwenye akili zake atapenda kukaa kutwa anabofya na kusubiri mtandao uzunguke? Yeye aliipenda. Aliipenda kwa sababu moja, ambayo hakuwahi kumwambia mtu isipokuwa mumewe Lazaro: ndani ya chumba kile hakuna aliyemtaka azungumze.

Laurencia ni Mwiraqw wa milima ya Mbulu. Kiswahili alikikuta shuleni, darasa la kwanza, kimeshika fimbo. Akajifunza, akakijua vizuri kuliko wengi waliozaliwa nacho, lakini lafudhi ya nyumbani haikumwachia. Sauti yake inatoka chini kooni, maneno mengine yanapita pembeni mwa ulimi kabla ya kutoka, na akichangamka ndiyo yanazidi. Usichana wake alifundisha shule moja ya msingi mjini, na hata mwaka haukuisha. Siku moja alipita nyuma ya darasa akasikia vicheko. Alichungulia dirishani akaona mtoto amesimama mbele, chaki mkononi, anawafundisha wenzake kwa sauti ya Mwalimu Laurencia. Mtoto alikuwa anapatia kweli kweli, na wenzake walikuwa wamejishika mbavu. Laurencia alirudi ofisini, akachukua mkoba wake, na ualimu ukaishia hapo. Akaenda kusomea ukutubi, akijua kwamba vitabu havina masikio.

Miaka ikapita vizuri. Alimlea mwanawe Leonce, akalima maharage ya ngwara na mahindi na mumewe, akawa mkutubi ambaye wanafunzi walimheshimu bila kumjua. Aliwajibu kwa kichwa, kwa kidole, kwa vikaratasi. Waliompenda walisema ni mpole, wasiompenda walisema anaringa.

Ndipo chuo kikaajiri fundi wa kompyuta, Inosenti, kijana wa Karatu aliyesomea Arusha, mcheshi, mwepesi wa mikono. Ijumaa yake ya kwanza alifuata waya fulani mpaka chumba cha nyuma, akamkuta Laurencia peku, anabofya. Alisimama mlangoni akamtazama mpaka akasahau waya uliomleta.

"Mama Leonce, shikamoo. Hii kazi unaifanya kila wiki?"

"Marahaba. Kila wiki."

"Kwa mkono?"

"Ulitaka niifanye kwa mguu?"

Inosenti alicheka, akavuta kiti. "Sikiliza, mama yangu. Wachapishaji wenyewe wanatoa orodha, jarida lipi liko wapi. Naandika programu, kila usiku inazichukua hizo orodha, inazilinganisha na katalogi yetu, palipobadilika inarekebisha yenyewe. Kisha inagonga kila kiungo. Kisichoitika inakitia alama. Kisipoitika usiku wa tatu mfululizo, inakificha, wanafunzi wasisumbuke nacho. Wewe asubuhi unaingia, unakuta nyumba imefagiliwa."

"Na mimi nitafagia nini?"

Swali hilo lilijibiwa na mkuu wa chuo, Bwana Remigius, ambaye alimwita Laurencia ofisini kwake na kumwagizia chai kabisa. Alisema kwa muda mrefu amekuwa akitafuta mtu wa kuwafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza namna ya kutafuta majarida na kuyasoma, maana wanaingia chuoni wanajua kutumia simu kwa kila jambo isipokuwa masomo.

"Programu ikishika tu, Ijumaa zako zote ni za darasani," alisema. "Ukumbi mkubwa, Mama Leonce. Umejificha mno kule nyuma, na mtu wa thamani yako hafichwi."

Masikini Remigius alidhani anampandisha cheo. Laurencia alishukuru, akamaliza chai, akatoka nje.

Jioni ile, wakipukuchua ngwara uani, alimweleza Lazaro. Lazaro ni mtu wa kuyapunguza mambo uzito.

"Wale ni watu wazima. Watakucheka nini?"

"Watu wazima ndio wanaojua kucheka."

"Basi kataa."

"Nikatae niseme nini? Kwamba mwanamke mwenye mtoto anayeota ndevu anaogopa kuchekwa?"

"Basi muombe Mungu hiyo programu iharibike," Lazaro alisema, akatupa maganda pembeni.

Laurencia alimkemea asimtanie Mungu. Alimkemea kwa ukali kuliko ilivyostahili, kwa kuwa ombi lenyewe alikuwa ameshalipeleka njiani akirudi.

Inosenti aliijaribu programu yake mchana, ikaenda vizuri. Aliijaribu tena mbele ya mkuu, ikakuta majarida kadhaa yaliyohama na kuyarudisha kabla Remigius hajamaliza kufuta miwani. Basi akaiachia ianze kazi yake ya usiku. Siku za kwanza hakuna aliyeona kitu. Kisha asubuhi moja Laurencia alifungua maktaba akakuta wanafunzi wamesongamana kwenye kompyuta, wanaulizana. Katalogi ilikuwa na vitabu vyote, lakini jarida la kielektroniki halikuwepo hata moja. Programu ilikuwa imeyatangaza yote yamekufa, ikayaficha.

Inosenti aliyarudisha yote, akaomba radhi, akakaa na programu yake siku nzima akiisoma mstari kwa mstari. Akarekebisha hapa, akakaza pale. Mchana ilifanya kazi. Usiku wa tatu ikayaua majarida yote tena. Kijana wa watu alianza kukonda. Mkuu naye, ambaye uvumilivu si fungu lake, alisema kama mambo hayatatengemaa wiki hiyo, wataachana na programu na Mama Leonce ataendelea na utaratibu wake.

Laurencia alifurahi. Tuseme ukweli mtupu, alifurahi mpaka akaona haya. Alimpelekea Inosenti chapati na chai ya maziwa, akamwambia, "Pole, mwanangu, mashine nazo zina kichwa chao," na pole ile ilitoka moyoni. Ila moyo huo huo ulikuwa umeshaanza kupanga Ijumaa ijayo, mlango umefungwa, viatu pembeni.

Jioni hiyo alipokuwa anatoka, mlinzi alimsimamisha getini. Josephati ni mzee wa Singida aliyekuja Karatu ujanani kuchuma kahawa kwenye mashamba makubwa, na akabaki. Ni mtu wa kutii agizo mpaka lichakae.

"Mama Leonce, nina shauri. Ile mashine mpya ya yule kijana, mle maktabani, haitaki nizime umeme."

"Haitaki vipi?"

"Nikizima tu swichi kubwa inaanza kulia. Pii, pii, pii. Jengo zima giza, yenyewe peke yake ina taa, inalia. Jana nilifika dirishani nikaiambia inyamaze. Wapi!"

Laurencia alisimama pale pale. Agizo la kuzima swichi lilikuwa lake mwenyewe. Masika moja radi ilipiga nguzo karibu na bweni, ikaunguza kompyuta za maktaba. Baada ya hapo alimshika Josephati mkono, akampeleka ukutani, akamwonyesha: kila jioni, ukishafunga milango, zima hii, hata mkuu akija usiku usimwashie. Josephati hakuwahi kukosa hata jioni moja. Inosenti, aliyekuwa akienda nyumbani mjini jua likiwa bado liko juu, hakuwahi kuambiwa. Aliinunulia kompyuta ya katalogi betri kubwa ya akiba ili umeme ukikatika isizime ghafla. Kisanduku cha intaneti kilichoning'inia ukutani hakikuwa na betri.

Picha yote ikamjia. Swichi inazimwa, intaneti inakufa, kompyuta inabaki macho. Saa yake ikifika inaanza kugonga milango ya majarida ya dunia nzima, na hodi yake haitoki hata nje ya chumba. Haiitikiwi. Ni sawa na mtu aliyefungiwa ndani, akaita majirani usiku kucha, asubuhi akatangaza kuwa kijiji kizima kimekwisha. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Inosenti alikuwa anatafuta kosa ndani ya programu, na kosa lilikuwa ukutani, mkononi mwa mzee mwaminifu, kwa amri ya mwanamke aliyekuwa akimpelekea chapati.

"Nifanyeje, mama?" Josephati aliuliza.

"Endelea kuzima," Laurencia alisema, akaenda zake.

Njia nzima hadi Ganako aliipita na maneno hayo mawili. Hakuwa amesema uongo. Alikuwa amekaa kimya tu, na kukaa kimya ndiyo kazi aliyoifanya miaka yote bila kulaumiwa na mtu. Lazaro alimuuliza mbona hali chakula, akasema kichwa kinamgonga.

Kesho yake maktaba ilikuwa tulivu. Katalogi ilikuwa bado tupu, na wanafunzi wengi walikuwa wamekata tamaa nayo. Mmoja tu ndiye aliyekuja mpaka mezani, Sairowua, kijana mrefu wa mwaka wa mwisho kutoka Malambo, anayevaa koti la chuo juu ya shuka siku za baridi na hajali nani anasemaje.

"Yeyo, shikamoo," alisema, akimwita mama kwa Kimaasai kama alivyozoea. "Lile jarida la homa ya mapafu ya mbuzi silioni."

Laurencia alimwashiria asogee. Alilifungua kwa njia zake mwenyewe, moja kwa moja kwa mchapishaji, bila katalogi, na likatokea. Alijisikia vizuri. Sairowua alisoma kwa makini akinakili kipimo cha dawa kwenye simu, kisha akashukuru, kisha hakuondoka.

"Kesho naenda nyumbani, mafunzo kwa vitendo. Nitakaa huko mpaka mvua," alisema. "Mbuzi wa boma letu wanakohoa, na wa jirani pia. Nikiwa kule nikafungua katalogi kwa simu nikaikuta hivi, nani ataniamshia?"

"Nipigie."

"Mtandao kule mpaka upande kilima, Yeyo, na unakuja kidogo unaondoka. Nikishapanda ni jambo moja tu, nikupigie au nisome. Na wewe unaamsha Ijumaa. Mbuzi hawangoji Ijumaa."

Hakusema kwa lawama. Aliuliza kama mtu anayeulizia njia, akasubiri jibu. Laurencia aliwaza watu wanaopanda kilima, mmoja Malambo, mwingine labda Engaresero, wanashika simu juu kutafuta mtandao, wanafungua katalogi ya chuo chao na kukuta tupu kwa sababu mkutubi anaogopa ukumbi. Aliona aibu ikimpanda mpaka masikioni. Alimwambia Sairowua aende salama, katalogi itakuwepo.

Alipita moja kwa moja hadi chumba cha kompyuta. Inosenti alikuwa ameegemeza kichwa mikononi.

"Programu yako ni nzima," Laurencia alisema. "Aliyeyaua majarida ni mimi."

Akamweleza yote, swichi, radi, betri, Josephati na pii pii yake. Inosenti alisikiliza kinywa wazi, kisha akacheka mpaka akafuta machozi. Kisha kicheko kikamkatika.

"Mama Leonce, umelijua hili lini?"

"Jana jioni."

"Na asubuhi umenipita hapa ukanisalimia."

"Nimekupita." Angeweza kusingizia usahaulifu, umri ulimruhusu. "Sikutaka ishike. Ikishika natolewa chumbani, napelekwa ukumbini kuongea. Unanisikia ninavyoongea."

Inosenti alikuwa na haki ya kukasirika na alikasirika kidogo, ilionekana kwenye taya. "Nimekesha nyumbani siku zote hizi nikidhani mimi ni mjinga," alisema.

"Nisamehe, mwanangu."

"Nimekusamehe. Na mimi ningeuliza tu umeme unazimwa saa ngapi, tusingefika hapa." Akageukia kompyuta, na Laurencia akavuta kiti.

Walifanya kazi mpaka mchana. Swichi waliiacha, kwa kuwa radi haijui programu. Waliihamisha kazi yenyewe kutoka usiku hadi saa ya chakula, wanafunzi wakiwa bwaloni na mtandao uko huru. Inosenti aliifundisha ijiulize kwanza kama njia iko wazi: ikikuta hakuna hata jarida moja linaloitika, ijue tatizo liko nyumbani, isimtangazie mtu msiba. Laurencia naye aliomba jambo moja. Kiungo kinachonyamaza kisifichwe moja kwa moja, kitengwe kwanza aje akitazame yeye. Hilo halikuhitaji maelezo. Kwenye chuo cha mifugo kila mtu anajua kuwa ng'ombe anayeshukiwa huwekwa karantini, hachinjwi siku hiyo hiyo. Programu ikashika, na majarida yakawa yanahama huko yanakohama, na katalogi inayafuata.

Remigius alifurahi akatangaza tarehe. Ijumaa ya kwanza Laurencia alisimama mbele ya ukumbi mkubwa, amevaa gauni la kanisani, viatu miguuni vimefungwa sawasawa. Mbele yake benchi baada ya benchi ya vijana, wa Arusha, wa Moshi, wa Babati, simu mikononi. Alifungua kinywa akasalimia, akasema leo watajifunza kutafuta jarida kwenye katalogi. Kabla hajafika mwisho wa sentensi ya pili, sauti moja ya kiume kutoka nyuma iliirudia ile sentensi, koo kwa koo, na ukumbi ukapasuka kwa kicheko.

Iliuma. Asikwambie mtu kwamba umri unasaidia. Iliuma vile vile kama zamani, na mlango ulikuwa pale pale karibu, wazi. Laurencia alishika ukingo wa meza.

"Aliyeniiga ameniiga vizuri," alisema, bila kuiachia meza. "Hii ni sauti ya Mbulu. Sina nyingine. Malizeni kucheka, kisha tufungue katalogi."

Wakacheka tena, safari hii kidogo, kisha kicheko kikakosa pa kwenda kikafa. Akaendelea. Akakamata kipanya. Aliwaonyesha jina la jarida linavyoandikwa, kiungo kinavyobofywa, makala inavyofunguliwa. Aliwaeleza kwamba majarida huhama, na kwamba ipo programu inayoyafuata. Alisikia maneno yake mwenyewe yakipita pembeni mwa ulimi, moja baada ya jingine, hakuyarudia kuyanyoosha. Mwisho akauliza kama kuna mwenye swali.

Kisha kwenye benchi la pembeni, karibu na ukuta, msichana mmoja akasimama. Wenzake waligeuka wote kumtazama kwa mshangao. Tangu muhula uanze hakuna aliyewahi kumsikia akisema kitu darasani, na walimu walikuwa wameacha kumuuliza.

"Mwalimu," alisema, na neno hilo lilitoka chini kooni, kutoka milima ile ile. "Jarida likihama, programu inajuaje limekwenda wapi?"

Hakuna aliyecheka. Laurencia aliachia kipanya.

"Unaitwa nani?"

"Brigita."

"Njoo huku mbele, Brigita," alisema. "Nikuonyeshe, na uwaeleze wenzako."

Brigita alitoka kwenye benchi akaja mbele.